Upatanifu wa Programu Huria na Viunzi Miliki katika Historia ya Mifumo ya Taarifa za Afya: Tanga na Pwani ya Kaskazini ya Tanzania, 1994–2014

Ikisiri

Makala haya yanachunguza mjadala wa upatanifu kati ya programu huria na viunzi vya kutengenezea programu vilivyo chini ya umiliki wa makampuni. Mjadala huo unatazamwa kupitia historia ya programu ya taarifa za afya ijulikanayo kama DHIS, iliyoenea pwani ya kaskazini ya Tanzania kutokea Bagamoyo na Zanzibar hadi kufika Tanga na mikoa mingine yote. Hoja kuu ni kwamba uhuru wa programu haupimwi kwa leseni yake peke yake, bali kwa tabaka la chini kabisa ambalo programu hiyo haiwezi kufanya kazi bila hilo. Hata hivyo, historia inaonesha pia kwamba kuondoa umiliki katika tabaka la chini hakumpi mtumiaji wa wilayani uwezo wa kuibadili programu, kwa kuwa uwezo huo hutegemea ujuzi uliopo mahali husika.

1.0 Utangulizi

Katika zahanati za Mkinga, Pangani na Muheza, kama ilivyo katika zahanati nyingine nchini, taarifa ya afya huanzia katika kitabu. Mgonjwa wa nje huandikwa katika Kitabu Namba 5 cha Mfumo wa Taarifa za Utoaji Huduma za Afya, yaani MTUHA. Mama aliyejifungua huandikwa katika Kitabu Namba 12. Mwezi unapokwisha, mhudumu huhesabu mistari, hujumlisha, hujaza fomu na kuipeleka katika ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya. Kutoka hapo idadi hizo hupanda hadi mkoani na wizarani. Dawa, chanjo, watumishi na fedha hupangwa kwa kuzitegemea.

Swali linaloonekana kuwa la kiufundi tu, la chombo gani kitumike kuhifadhi na kujumlisha idadi hizo, kwa hakika ni swali la mamlaka. Ofisi ya wilaya ikiweka taarifa zake ndani ya programu isiyoweza kuifungua bila idhini ya kampuni iliyo ng'ambo, basi uwezo wa wilaya kujijua wenyewe umeazimwa. Kwa upande mwingine, ofisi hiyohiyo ikipewa programu huria ambayo hakuna mtu wa karibu anayeweza kuitengeneza inapoharibika, uhuru ulioandikwa katika leseni hauna msaada mkubwa kwake.

Wataalamu wa programu wameujadili mvutano huu kwa miongo kadhaa: je, programu huria ijengwe juu ya viunzi miliki ili iwafikie watumiaji mahali walipo, au ijitenge navyo ili isije ikategemea kile inachokusudia kukiepuka? Mjadala huo umezoeleka kuelezwa kwa mifano ya Marekani na Ulaya. Makala haya yanaonesha kwamba pwani ya kaskazini ya Tanzania ina mfano wake, na kwamba mfano huo unarekebisha baadhi ya yale yanayodhaniwa kuwa yamekwisha kuamuliwa.

2.0 Dhana ya Upatanifu

Katika makala haya, programu huria ni programu ambayo msimbo wake uko wazi na ambayo leseni yake inamruhusu mtumiaji kuitumia, kuichunguza, kuibadili na kuisambaza. Programu miliki ni ile ambayo haki hizo, zote au baadhi, zimebaki kwa mwenye programu. Kiunzi ni jumla ya zana, maktaba za msimbo na kanuni ambazo mtengenezaji huzitumia kama nguzo na boriti za kujengea programu yake.

Upatanifu baina ya pande hizi mbili hutokea katika ngazi tatu, na mabishano mengi hutokana na kuzichanganya. Ngazi ya kwanza ni upatanifu wa data: je, faili lililoandikwa na programu moja linasomeka katika nyingine? Ya pili ni upatanifu wa utendaji: je, programu huria inahitaji programu miliki iwepo katika kompyuta ndipo ifanye kazi? Ya tatu ni upatanifu wa leseni: je, sheria inaruhusu misimbo ya pande mbili iunganishwe na kusambazwa pamoja? Leseni ya GPL inamtaka anayesambaza kazi iliyotokana na msimbo wake aitoe kazi hiyo chini ya leseni hiyohiyo. LGPL inalegeza sharti hilo kwa maktaba zinazounganishwa na programu nyingine. BSD hairuhusu tu msimbo kuunganishwa na kazi miliki, bali haidai matokeo yabaki huria.

Programu inaweza kufaulu katika ngazi moja na kushindwa katika nyingine. Ndivyo ilivyokuwa kwa DHIS ya kwanza, kama itakavyooneshwa katika sehemu ya tano.

3.0 Reli ya Tanga: Kielelezo cha Upatanifu na Umiliki

Kabla ya kuzungumzia kompyuta, historia ya Tanga yenyewe inatoa kielelezo kinachosaidia kutenganisha upatanifu na umiliki. Ujenzi wa reli kutoka bandari ya Tanga ulianza mwaka 1893 chini ya kampuni binafsi ya Kijerumani. Reli ilifika Muheza mwaka 1896, lakini kampuni ikaishiwa nguvu, na mwaka 1899 serikali ya Ujerumani ikaichukua. Ilifika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Geji yake ilikuwa milimita 1,000, sawa na ile ya Reli ya Uganda iliyoanzia Mombasa chini ya Waingereza.

Usawa huo wa geji haukutokana na umoja wa wamiliki, kwa kuwa wamiliki walikuwa mahasimu. Hata hivyo, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza walipojenga njia kutoka Voi kupitia Taveta hadi Kahe, mabehewa yaliweza kupita kutoka mfumo mmoja hadi mwingine. Mwaka 1963 njia kati ya Mnyusi na Ruvu iliiunganisha reli ya Tanga na Reli ya Kati bila haja ya kubadili vyuma. Wamiliki walibadilika kutoka kampuni hadi dola ya Kijerumani, kisha Waingereza, kisha Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, na baada ya 1977 Shirika la Reli Tanzania; kipimo kilibaki kilekile. Kinyume chake, TAZARA iliyojengwa katika miaka ya 1970 kwa geji ya milimita 1,067 ilitofautiana na reli ya zamani kwa milimita 67 tu, lakini tofauti hiyo ilitosha kuzuia behewa la mfumo mmoja lisipite katika mwingine, na shehena ikalazimika kuhamishwa huko Kidatu.

Kielelezo hiki kinaonesha mambo mawili. Kwanza, kipimo kinachojulikana na wote kinaweza kuwaunganisha wamiliki wasioelewana. Pili, geji ni kipimo ambacho yeyote anaweza kukinakili bila kumwomba mtu idhini, ilhali kiunzi cha programu ni mashine nzima inayofanya kazi ndani ya programu nyingine. Anayetumia geji ya jirani hategemei karakana ya jirani. Anayejenga juu ya kiunzi cha jirani anaitegemea. Hapo ndipo upatanifu unapogeuka kuwa utegemezi.

4.0 Usuli: Kompyuta, Sheria na MTUHA

Tanzania ilianza kutumia kompyuta serikalini mwaka 1965, ilipofungwa mashine ya kwanza katika Wizara ya Fedha. Gharama na matatizo ya mifumo iliyotegemea wauzaji wa nje yalichangia serikali kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974. Marufuku hayo yalilegezwa hatua kwa hatua katika miaka iliyofuata. Kwa hiyo, hofu ya kutegemea teknolojia isiyo na mwenyeji haikuanza na wanaharakati wa programu huria. Ilikwisha kuwamo katika sera ya nchi kabla yao, ingawa dawa iliyotumiwa wakati huo ilikuwa kuifungia mlango teknolojia yenyewe.

Kompyuta zilipoingia kwa wingi katika miaka ya 1990, ziliingia zikiwa na programu za Microsoft. Katika miaka hiyohiyo MTUHA ilisambazwa nchini. Vituo na wilaya vilitegemea karatasi, na kompyuta zilikusudiwa kutumika kuanzia ngazi ya mkoa. Matokeo yake ni kwamba aliyekusanya taarifa hakuwa na chombo cha kuzichambua, na aliyekuwa na chombo hicho alikuwa mbali na zahanati. Wilaya ikapeleka idadi juu bila kurudishiwa maana yake.

Mwaka 1999 Bunge lilitunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, ambayo inazilinda programu za kompyuta kama inavyozilinda kazi nyingine za ubunifu. Zanzibar ilitunga sheria yake mwaka 2003. Tangu hapo, nakala ya programu isiyo na leseni katika ofisi ya umma haikuwa suala la mazoea tena, bali kosa la kisheria. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, na ofisi iliyotegemea nakala ya aina hiyo haikuwa na stara pale sheria ilipoanza kudai haki yake.

5.0 DHIS ya Kwanza: Programu Huria juu ya Microsoft Access

Mpango wa HISP ulianzia Cape Town mwaka 1994, katika mazingira ya Afrika Kusini iliyokuwa ikiunganisha huduma za afya zilizogawanywa na ubaguzi wa rangi. Lengo lake lilikuwa kuipa wilaya uwezo wa kutumia taarifa zake yenyewe. Programu iliyotokana na mpango huo, DHIS, ilitolewa bila malipo na msimbo wake ulikuwa wazi. Lakini ilijengwa ndani ya Microsoft Access, kwa lugha ya programu iliyomo katika Microsoft Office.

Kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Oslo na Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, HISP iliingia Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000. Bagamoyo ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizofanyiwa kazi hiyo mapema. Zanzibar ilianza kutumia toleo la 1.4 mwaka 2005, na programu hiyo ikawa msingi wa taarifa za afya za Unguja na Pemba. Hivyo basi, pande zote mbili za mkondo wa bahari zilijikuta zikiitumia programu ambayo kwa juu ilikuwa huria na kwa chini ilikuwa miliki.

Waliotetea uamuzi huo walikuwa na hoja nzito. Kompyuta za ofisi za afya tayari zilikuwa na Windows na Microsoft Office. Watumishi walikwisha kuzoea Excel, na taarifa kutoka DHIS ziliweza kuhamishiwa humo moja kwa moja kwa ajili ya chati na majedwali. Zaidi ya hayo, Access ni chombo ambacho mtu asiye mhandisi wa programu anaweza kujifunza: huweza kufungua fomu, kuongeza kisanduku na kubadili ripoti. Programu iliyowafuata watumiaji walipo ilikuwa bora kuliko programu safi ambayo hakuna angeitumia.

Waliopinga hawakukanusha manufaa hayo. Hoja yao ilikuwa kwamba leseni huria ya DHIS haikuwa na nguvu ya kuifanya iendeshwe bila bidhaa ya kampuni. Kila wilaya mpya ilihitaji nakala ya Access. Microsoft ilianza kutoa bila malipo kiendeshi cha programu za Access katika toleo la 2007 tu. Aidha, kampuni ilipobadili umbo la mafaili kati ya Access 97 na Access 2000, waliojenga juu yake walilazimika kufuata ratiba ambayo hawakuipanga. Faili moja la Access 2000 halikuweza kuzidi gigabaiti 2, na hifadhidata ya aina hiyo haikukusudiwa kuhudumia watumiaji wengi kutoka mahali mbalimbali kwa wakati mmoja.

Udhaifu huo wa mwisho ulikuwa na uzito wa pekee katika mkoa kama Tanga. Katika muongo wa kwanza wa karne ya 21 wilaya ya Kilindi ilimegwa kutoka Handeni na wilaya ya Mkinga ikamegwa kutoka Muheza. Kwa mfumo unaohifadhi nakala tofauti katika kila ofisi, mabadiliko ya aina hiyo humaanisha kwamba orodha ya vituo lazima irekebishwe katika kila nakala. Nakala moja ikisahauliwa, zahanati moja huhesabiwa mara mbili au haihesabiwi kabisa, na mtoto aliyechanjwa Mkinga huonekana amechanjwa Muheza. Kasoro hii haikutokana na umiliki kama umiliki, bali ilitokana na kiunzi kilichochaguliwa; na kwa kuwa kiunzi hicho kilikuwa mali ya mwingine, jumuiya ya DHIS haikuwa na uwezo wa kukibadili kutoka ndani. Ilibidi ihame.

6.0 Mwaka 2004: Njia Panda

Mwaka 2004 ni fundo katika historia hii, kwa kuwa mjadala wa kimataifa na matukio ya Afrika Mashariki vilikutana.

Ulimwenguni, mradi wa Mono ulitoa toleo lake la 1.0 mwaka huo. Mono ilikuwa utekelezaji huria wa kiunzi cha .NET cha Microsoft, uliowezesha programu zilizoandikwa kwa kiunzi hicho kuendeshwa katika Linux. Waliouunga mkono waliona daraja. Waliouhofia waliona kwamba daraja linalojengwa kwa ramani ya mwenye ng'ambo linaweza kufungwa naye kwa njia ya hataza. Mwezi Aprili mwaka huohuo, Richard Stallman, mwanzilishi wa harakati za programu huru, alionya kuhusu kile alichokiita mtego wa Java: mtu anaweza kuandika programu huru kwa lugha ya Java bila kutambua kwamba haitaendeshwa bila jukwaa la Sun Microsystems, ambalo wakati huo halikuwa huru.

Dar es Salaam, Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu ilikuwa ikiendesha mradi wa Kilinux, ulioungwa mkono na Sweden, wa kutafsiri programu huria kwa Kiswahili. Mwishoni mwa mwaka 2004 mradi huo ulitoa Jambo OpenOffice, iliyotokana na OpenOffice.org. Microsoft nayo ilikuwa imetangaza mwaka huohuo mpango wa kuzitoa bidhaa zake kwa Kiswahili. Lugha ya pwani ikawa uwanja wa ushindani kati ya namna mbili za kumiliki programu. Jambo OpenOffice ilithibitisha kwamba msimbo ulio wazi uliwaruhusu Waswahili waseme neno la menyu liwe lipi bila kusubiri kampuni iamue kwamba soko lao lina faida. Hata hivyo, mtumiaji wake alipopelekewa faili la Word lenye mpangilio tata, upatanifu wa data ndio ulioamua kama angeendelea kuitumia. Umbo la wazi la nyaraka, ODF, lilipata hadhi ya kiwango cha kimataifa mwaka 2006, na umbo jipya la Microsoft lilipata hadhi hiyo mwaka 2008. Kabla ya hapo, programu huria za ofisi zilitegemea kukisia umbo lililofichwa.

Katika mwaka huohuo, Chuo Kikuu cha Oslo kilianza kuiandika upya DHIS. Toleo jipya, DHIS2, liliachana na Access na kujengwa kwa Java, likitumia viunzi huria kama Spring na Hibernate, na likaweza kutumia hifadhidata huria kama PostgreSQL. Leseni yake ni BSD. Mara nyingi hatua hii husimuliwa kama safari iliyonyooka kutoka umiliki kwenda uhuru. Tarehe zenyewe zinalipinga simulizi hilo. Sun ilitangaza kuitoa Java chini ya GPL mwezi Novemba 2006, na DHIS2 ilikwisha kutumika Kerala, India, tangu mwanzoni mwa mwaka huo. Kwa hiyo, DHIS2 ilizaliwa ndani ya mtego uleule uliotajwa mwaka 2004. Iliacha tabaka miliki moja na kuingia katika jingine, na ilipata uhuru kamili wa chini kwa uamuzi wa kampuni, si kwa juhudi zake yenyewe.

Hata baada ya 2006 suala halikuisha. Oracle, iliyoinunua Sun mwaka 2010, iliishtaki Google mwaka huo kuhusu matumizi ya violesura vya Java katika Android, na shauri lilimalizwa na Mahakama Kuu ya Juu ya Marekani mwaka 2021 kwa uamuzi kwamba matumizi hayo yalikuwa ya haki. Zaidi ya miaka 10 ilipita bila jibu la mwisho la kimahakama kama kunakili violesura ili kupata upatanifu ni halali.

7.0 Kutoka Faili la Wilaya hadi Seva ya Taifa

DHIS2 ilikuwa na tofauti nyingine kubwa: ilifikiwa kwa kivinjari kupitia intaneti. Mtumishi wa wilaya hakuhitaji kuwa na programu hiyo katika kompyuta yake. Alihitaji mtandao tu. Jambo hili lisingewezekana pwani ya kaskazini katika miaka ya mwanzo ya 2000. Liliwezekana baada ya nyaya za chini ya bahari za SEACOM na EASSy kufika Dar es Salaam katika miaka ya 2009 na 2010, na baada ya Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano kuanza kujengwa mwaka 2009 na kuifikia mikoa. Majaribio yalianzia Mkoa wa Pwani, na kufikia mwaka 2013 mfumo ulikuwa umesambazwa nchini, Tanga ikiwamo.

Hapa mjadala wa upatanifu ulibadilika umbo. Kompyuta za wilayani ziliendelea kutumia Windows, na ripoti ziliendelea kupelekwa katika Excel. Programu huria na programu miliki zilikutana, lakini zilikutana kwa njia ya vipimo vilivyo wazi vya wavuti, kila moja ikibaki upande wake. Hali hii ni ya geji: mabehewa ya wamiliki tofauti juu ya vyuma vya kipimo kimoja. DHIS ya kwanza ilikuwa ndani ya karakana ya Microsoft. DHIS2 ilikutana na Microsoft kwenye stesheni.

Faida yake kwa Tanga ni bayana. Wilaya inapomegwa, orodha ya vituo hurekebishwa mara moja, mahali pamoja, na ofisi zote huona mabadiliko hayohayo. Lakini kila faida ina gharama yake. Taarifa za Pangani zilitoka katika kompyuta ya Pangani na kuhamia katika seva ya taifa. Mtandao unapokatika, ofisi haina nakala ya kufungua. Lengo la awali la HISP, la kuiweka taarifa mikononi mwa wilaya, lilitimizwa kwa namna iliyoiondoa taarifa hiyo mikononi mwa wilaya kimaumbile.

8.0 Ngazi ya Nne: Upatanifu wa Ujuzi

Ngazi tatu za upatanifu zilizotajwa katika sehemu ya pili hazitoshi kueleza kilichotokea. Kwa vigezo vya data, utendaji na leseni, DHIS2 ilikuwa huru zaidi kuliko DHIS ya kwanza. Lakini kwa kigezo cha nani anaweza kuibadili, picha inageuka.

Access ilikuwa miliki, lakini ilijifunzika. Mtumishi mwenye ari, kwa mafunzo ya muda mfupi, aliweza kutengeneza ripoti aliyoihitaji mganga mkuu wake. Java pamoja na Spring na Hibernate vilikuwa huria, lakini vilidai mhandisi aliyefundishwa kwa miaka. Wahandisi wa aina hiyo walikuwa wachache Dar es Salaam na adimu zaidi wilayani. Kitovu cha kuibadili programu kikahamia Oslo na kwa timu chache za vyuo vikuu. Msimbo ulikuwa wazi kwa kila mtu, ila kuusoma ni jambo jingine. Na mlango ulio wazi juu ya ghorofa isiyo na ngazi hauwasaidii walio chini.

Hoja hii haiwarudishii ushindi watetezi wa viunzi miliki. Urahisi wa Access ulikuwa hisani ya kampuni, na hisani inaweza kuondolewa toleo linalofuata. Tena, jumuiya ya DHIS2 ililitambua tatizo na kujibu kwa njia mbili: kuwawezesha wasimamizi kuunda fomu, viashiria na ripoti ndani ya kivinjari bila kuandika msimbo, na kufungua kiolesura cha wavuti ambacho mtengenezaji anaweza kukitumia kuunda programu ndogo kwa lugha nyepesi kuliko Java. Idara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoshiriki tangu siku za Access iliendelea kulea wataalamu wa mfumo huu. Ujuzi huo ndio uliofanya leseni iwe na maana; usingekuwapo, BSD ingebaki karatasi.

Kwa upande wa makampuni pia mambo yalibadilika. Mwezi Novemba 2014 Microsoft ilitangaza kuufungua msimbo wa sehemu kubwa ya .NET kwa leseni huria. Kiunzi kilichokuwa mfano wa hatari mwaka 2004 kikawa, miaka 10 baadaye, kiunzi ambacho programu huria ingeweza kujengwa juu yake bila kuvunja kanuni zake. Aliyeamua mwaka 2004 kwamba mpaka kati ya huria na miliki ni wa kudumu alikosea. Aliyeamua kwamba hauna umuhimu kwa kuwa utabadilika naye alikosea, kwa sababu katika miaka hiyo 10 wilaya zilihitaji kuhesabu wagonjwa wao kila mwezi.

9.0 Hitimisho

Historia hii inaleta hitimisho tatu. Kwanza, leseni ya programu haielezi utegemezi wake wote. DHIS ya kwanza ilikuwa huria juu ya Access, na DHIS2 ilianza ikiwa huria juu ya Java isiyokuwa huria. Mtafiti anayetathmini programu ya umma hana budi kushuka tabaka kwa tabaka hadi aone ni nani mwenye msingi.

Pili, upatanifu unaojengwa juu ya kipimo kilicho wazi ni tofauti na upatanifu unaojengwa ndani ya mashine ya mwingine. Wa kwanza huhifadhi uwezo wa kuhama. Wa pili huufanya uhamaji kuwa ujenzi mpya, kama DHIS ilivyolazimika kuandikwa upya kuanzia 2004.

Tatu, upatanifu wa ujuzi ni kigezo kinachostahili kuwekwa pamoja na vile vya data, utendaji na leseni. Nchi inaweza kuwa na programu huria kuanzia juu hadi chini na bado ikategemea wageni kuirekebisha. Kwa hiyo, sera ya programu serikalini isiyoambatana na mafunzo ya wahandisi, nje ya Dar es Salaam pia, hubadilisha aina ya utegemezi bila kuuondoa. Kipimo cha mafanikio kinaweza kuwekwa kwa lugha nyepesi: zahanati mpya inapofunguliwa Mkinga, au fomu ya MTUHA inapobadilishwa, ni nani anayepigiwa simu, na je, yuko Tanga?